Kwanza Tusalimiane

Mada ya fainali ilitangazwa Jumatatu asubuhi, nami nilikuwa nakaanga mihogo. Ilitokea kwenye kioo cha shindano pale ukutani kwa herufi nyeupe, bila mbwembwe wala muziki: MSIBA.

"Haya," nikasema. "Ungo sasa unataka maiti."

Mwamvua Kondo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisukutua koo kwa maji ya chumvi. Aliposoma lile neno akasahau kuyatema, akayameza yote.

"Mwalimu, mimi sijawahi kufiwa," alisema akikohoa. "Nina baba, nina mama, nina bibi. Kwetu hata kuku hajawahi kufa. Tunawachinja."

Nilicheka, nikageuza mihogo kwenye karai. Nimenoa sauti za waimbaji misimu minane sasa, hapa hapa Dodoma, katika chumba cha uani nilichokizungushia magodoro ya pamba ili mwangwi usiwepo. Najua mada inavyoweza kumla mtu.

Wasiofuatilia shindano hili huniuliza linaendaje. Kila mwimbaji huimba akiwa kwao, popote alipo, na sauti hupita mtandaoni. Mimi humbandika mwimbaji wangu kishikizo cha shaba chini ya taya, kidogo kama kifungo cha shati, nacho husoma koo lake, moyo wake na jasho lake. Wasikilizaji nao huvaa vipuli masikioni, na vipuli husoma pumzi zao. Yote hayo huingia kwenye mtambo tunaouita Ungo, kwa sababu kwenye kioo huonekana hivyo hivyo, ungo unaopeta nafaka hewani. Unachopima si kama umeimba vizuri. Waimbaji wazuri tunao tele. Unapima kama unayoyaimba unayo moyoni, na kama yamefika kwa wanaokusikia. Pumba hupeperuka, punje hubaki, na punje ndizo alama zako.

Sheria inayouma ni moja tu. Punje za bingwa wa mwaka huu ndizo kizingiti cha mwaka ujao. Asiyevuka kizingiti si bingwa, hata akiwa amebaki peke yake.

Msimu wa kwanza watu waliimba tu. Ukipewa mvua, unaimba mvua. Kisha ikaja mada ya Njaa, na dada mmoja wa Shinyanga akaimba akiwa hajala tangu juzi yake. Punje zilijaa ungo hadi zikamwagika. Mwaka uliofuata kila mtu alishajua kwamba kuimba njaa umeshiba ni kujisumbua. Ilipokuja mada ya Talaka, kijana wa Singida alimwacha mkewe Jumanne, akaimba Ijumaa, akatwaa ubingwa. Nasikia walirudiana baadaye. Punje zake hazikurudi naye, zilibaki juu pale pale, na sisi wengine tukatakiwa tuzivuke.

Nisiwe mnafiki lakini. Ungo umetunoa. Nikisikiliza rekodi za zamani, za wakati majaji watatu walikaa mezani wakipendelea watoto wa shangazi zao, naona aibu. Siku hizi mtu akifungua kinywa kwenye shindano hili, hata muuza maziwa anasimamisha baiskeli. Kiwango kimepanda kweli, na mimi ni mmoja wa waliokisukuma. Ninachojiuliza ni kinapandia nini.

Na ndiyo maana nampenda Mwamvua. Nalisema wazi wala sioni haya. Sauti yake si kubwa, na ukikutana naye sokoni anabishania bei ya bamia hutadhani ni mwimbaji. Lakini huyu binti haishi mada. Anaizunguka, anaichungulia dirishani, halafu anaingia kwa mlango ambao wenzake hawakuuona. Juma la mada ya Kiu, washiriki wote walijinyima maji hadi midomo ikapasuka. Mwamvua alikunywa bilauri nzima mbele yangu, akajifuta mdomo, akaimba habari za bomba la jirani linalodondosha maji usiku upande wa pili wa ukuta. Alipomaliza nilijikuta jikoni nimeshika kikombe, sijui nimefikaje. Ungo ulimpitisha kwa punje chache tu juu ya yule aliyetolewa. Kila juma ilikuwa hivyo, chupuchupu, na kila juma nilimwona msanii kuliko nilivyomwona juma lililopita.

* * *

Nieleze na hili, maana ndilo lililotuponza.

Mwamvua ni Mzaramo wa Maneromango. Mimi ni Mnyamwezi, Nyamizi binti Lusangija, wa Urambo. Kwa hiyo ni watani, tangu enzi za mababu zetu waliobeba mizigo kutoka bara hadi pwani na kupokewa na mababu zake. Siku aliyofika kwangu na begi lake alisimama mlangoni akasema, "Nimeambiwa kuna mpagazi hapa atanibebea." Nikamjibu, "Weka chini, Mzaramo. Kama ndani hamna ngoma, basi umeiba begi la mtu." Tangu siku hiyo hatujawahi kuamkiana kama watu wenye akili timamu. Nikimwona asubuhi namuuliza kama kwao wameshagundua jembe. Yeye huniuliza kama bega langu limeota sugu. Mtu asiyejua angedhani tunagombana.

Baba yake, Mzee Kondo, alikuwa fundi wa betri za jua, na nchi nzima ilimjua kwa jambo moja. Robo fainali ilipokaribia, watangazaji walimpigia mubashara kumuuliza anajisikiaje binti yake kufika pale. Mzee akakohoa, akasema, "Kwanza tusalimiane." Akamwamkia mtangazaji, akauliza hali ya mkewe, watoto, wazazi wa mkewe, na mvua za huko. Muda ukaisha hajajibu swali. Watu walicheka wiki nzima.

Alikuwa hivyo hivyo hata nyumbani. Mwamvua alinisimulia kuwa banda lake la betri liliwahi kushika moto, jirani akaja mbio anapiga yowe, na mzee akamzuia kwa mkono, "Hujambo kwanza? Na yule mbuzi wenu mguu umepona?" Banda liliungua nusu. Yeye akasema mabati yatanunuliwa, lakini mtu aliyepitwa bila salamu huyo huna pa kumnunua.

Juma hilo la Msiba lilikuwa la ajabu. Mpinzani wetu wa fainali, Ambakisye wa Mbeya, alishinda kutwa akizunguka kwenye misiba ya watu asiowajua, akikaa mkekani na kulia pamoja nao ili apate cha kuimba. Wengine waliotoka mapema walituandikia kutupa ushauri ambao siwezi kuurudia hapa. Mwamvua alizunguka chumba cha magodoro siku nne bila kupata mlango.

"Mada hii haina dirisha, Mwalimu," aliniambia Alhamisi. "Nachungulia, naona ukuta."

* * *

Ijumaa, siku ya fainali, nilikuwa nafagia uani simu ikaita. Alikuwa baba mdogo wa Mwamvua, Tosiri. Sijawahi kumsikia mtu akiongea kwa upole vile.

"Mwalimu Nyamizi, umeamkaje? Kakaangu ametutoka alfajiri. Amemaliza kuswali, akakaa mlangoni, basi."

Nikakaa chini na ufagio wangu.

"Usimwambie mtoto," akaendelea. "Mwache aimbe leo. Kaka alishawaalika Maneromango nzima waje uani kwake kumsikiliza, na wamekuja, ila sasa wamekuja kwenye matanga. Akimaliza mwambie tu hali ya mzee si nzuri kidogo, aje. Mpakie treni ya saa tatu usiku. Tunazika kesho adhuhuri, tunamsubiri yeye."

Nikaitikia. Ndivyo tufanyavyo watu wa nchi hii. Hatumpi mtu msiba kwenye simu. Tunamwambia hali si nzuri kidogo, naye anapanda gari akijua na asijue, na tunamwacha afike kwanza.

Sijamaliza kupangusa machozi, simu ikaita tena. Bi Adventina, mratibu wa shindano. Huyu hana salamu, huingia moja kwa moja kama fundi umeme.

"Kipuli cha baba yake kimenyamaza tangu alfajiri," alisema. "Mtandao umetuonyesha. Umeshamwambia?"

"Familia imekataa."

"Nyamizi, sikia. Mimi sisemi umuumize. Nasema usimfiche. Ni haki yake kujua." Nikasikia anafunua karatasi. "Mwambie saa moja kasorobo jioni. Anaingia chumbani saa moja kamili. Ambakisye hatavuka, tumeshapiga hesabu. Huyu binti akijua, atavuka kizingiti kuliko mtu yeyote aliyewahi kuimba. Kwani utakuwa umemdanganya? Utakuwa umemwambia ukweli tu."

Nikakata simu. Nilitaka kukasirika na nikashindwa, maana hakuna neno hata moja alilosema ambalo lilikuwa la uongo. Mwamvua alitamani ubingwa huu tangu akiwa na miaka sita, anaimba kwenye kopo la maziwa. Nikimficha, ataimba msiba hewani huku watu wote uani kwao wakijua na yeye hajui, na kesho atatutazama mmoja mmoja. Nikimwambia saa moja kasorobo, nimemuuza. Nikimwambia sasa hivi, nimevunja neno la wazee wake, na pengine fainali nayo imevunjika.

Nikachemsha chai. Nikaweka tangawizi. Nikaipeleka chumbani kwake, nikagonga mlango taratibu.

"Umeamkaje, Mwamvua?" nikasema. "Umelala salama?"

Alikuwa anajisuka mbele ya kioo. Mikono ikasimama kichwani. Akanitazama kupitia kioo muda mrefu.

"Tangu nikujue hujawahi kuniamkia kwa adabu," alisema. "Nani amekufa?"

Nikaweka kikombe chini. Misimu minane nanoa sauti za watu, na yangu mwenyewe ikanisaliti kwa kuwa laini.

* * *

Alilia. Sitasimulia alivyolia, hayo ni ya kwake. Nitasema tu kwamba kabla hajalia alifanya jambo moja ambalo hadi leo nikilikumbuka nasisimka. Kishikizo cha shaba kilikuwa mezani, pale nilipokiweka jana yake. Akachukua bakuli la uji, akakifunika nalo.

"Hiki kisisikie," alisema. Ndipo akakaa chini.

Jua lilipopanda akanyamaza. Nikamwambia, "Tuondoke sasa hivi. Nitatafuta gari. Achana na Ungo."

"Wanazika kesho adhuhuri, treni ya saa tatu itatuwahisha. Na baba aliwaita watu waje kunisikiliza. Wamekaa mikekani wananingoja." Akavuta kamasi. "Naimba."

"Adventina anasema ukiimba hivi ulivyo, utavuka."

"Najua nitavuka. Hata mtoto anajua." Akanigeukia, macho mekundu, na sikuona mwanafunzi tena mle. "Halafu, Mwalimu? Nikivuka kwa machozi ya baba, hayo ndiyo kizingiti. Mwakani kuna binti mahali fulani, sijui Kigoma, sijui Lindi, sauti anayo, anataka ubingwa kama mimi. Atatakiwa awe na baba wa kufa. Na wa mwaka unaofuata awe na nini? Mtoto?"

Nimekaa na wahandisi, nimekaa na maprofesa wa muziki, hakuna aliyewahi kuniwekea jambo hili mezani namna ile.

"Halafu wewe," akasema, "umekosea kazi."

"Kazi gani?"

"Unaniletea chai ya tangawizi na sauti ya kanisani. Wewe ni nani kwangu? Msibani kwetu kazi yako ni kunipa pole?"

Hapo ndipo nilipopata akili. Kwa Wazaramo, msiba ukitokea, majirani wanatoa pole, mashekhe wanasoma, na watani wanakuja kumcheka marehemu. Wanavaa kanzu yake, wanatembea mwendo wake, wanakohoa kikohozi chake, wanajilaza mbele ya jeneza kudai hawajaagwa. Ni kazi yao. Anayelia anacheka, anarudi kulia, na katikati hapo ndipo mtu anapoanza kumeza kilichotokea. Mimi, mtani halali, nilikuwa nimeingia na sahani na kikombe.

"Maneromango hakuna Mnyamwezi tena," Mwamvua akasema. "Alibaki Mzee Shija wa magodoro, naye alihamia kwa mwanawe Kahama. Baba atazikwa bila kuchekwa?"

Nilisimama. Nikajifunga khanga kiunoni kama msuli, nikatoa tumbo nje, nikakohoa kile kikohozi. Nilikutana na Mzee Kondo mara mbili tu maishani, lakini mtu yule ukikutana naye mara moja ulishamjua.

"Kwanza tusalimiane," nikasema kwa sauti yake. "Wewe Mzaramo unalia kabla hatujaamkiana? Adabu gani hii? Watoto hawajambo? Bamia zimepanda bei?"

Mwamvua akacheka hadi akalala sakafuni. Kisha akalia tena. Kisha akakaa wima, uso umelowa, akaniambia kwa sauti ya kazi, ile ambayo huitoa akiuona mlango:

"Sasa ifanye ile ya banda lililoungua."

Tukafanya kazi mpaka alasiri. Aliyefiwa hawezi kuwa mtani kwenye msiba wake mwenyewe, hilo alilijua na hakutaka kulivunja. Kwa hiyo maneno yalikuwa yangu, ya mtani, kila neno. Yeye alitoa sauti tu, kunibebea mpaka Maneromango.

"Leo Mzaramo ndiye mpagazi," nikamwambia.

"Nyamaza wewe. Mstari wa tatu umezidi silabi."

* * *

Ambakisye aliimba kwanza. Aliimba vizuri sana, Mungu anisamehe, machozi ya wafiwa wote aliokaa nao mkekani yalikuwemo. Punje zikapanda, zikagusa kizingiti, zikashuka. Adventina alikuwa amepiga hesabu sawasawa.

Saa moja kasorobo simu yangu iliita. Sikupokea.

Nikambandika Mwamvua kishikizo. Mikono yake ilikuwa baridi. Akaingia kwenye magodoro, nami nikakaa nje, nyuma ya kioo cha dirisha la chumba, na spika yangu, ambayo mnoaji hupewa ili asikie pumzi za wasikilizaji zikija kutoka kwenye vipuli. Mamilioni ya pumzi pamoja husikika kama shamba la mahindi upepo ukipita.

Alianza bila ala.

*Baba Kondo, toka mbio,*
*banda linashika moto!*
*Kwanza tusalimiane,*
*hujambo wewe mwanangu?*
*Moto umefika paa,*
*mabati yanapasuka!*
*Na yule mbuzi wa kwenu,*
*mguu umeshapona?*

Sauti ya jirani aliiimba juu, ya mbio, imekatika pumzi. Ya baba yake aliishusha, akaipa kikohozi, akaitembeza polepole kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Koo moja, watu wawili, na kati yao moto. Kwenye spika, shamba la mahindi likaanza kutikisika. Watu walikuwa wanacheka. Mtu fulani mahali fulani alicheka kwa kukoroma nikamsikia peke yake.

Kwenye kioo Ungo ukaanza kurusha pumba. Maandishi mekundu yakatokea pembeni: NJE YA MADA. Punje zikaporomoka chini ya kizingiti, chini ya Ambakisye, chini ya waliotoka juma la kwanza. Sikushangaa. Nilikuwepo miaka ile walipoufundisha Ungo msiba. Walikusanya rekodi za matanga nchi nzima, na kila palipokuwa na kicheko walikata, wakidhani ni kelele za majirani. Mtambo haukuwa na kosa. Haukuwahi kuambiwa kwamba wale waliokuwa wanacheka nao walikuwa wamefiwa.

Mwamvua aliona maandishi yale, maana kioo kilikuwa mbele yake. Aliyatazama, akayaacha. Nimeona waimbaji wakubwa wakibadilisha wimbo katikati kwa kuogopa ungo. Huyu binti aliyeimbia kopo la maziwa akitamani siku hii alitazama ubingwa wake ukimwagika, na sauti haikutikisika hata nukta. Nilijivunia binti yule.

Aliimba mengine, ya harusi ambayo mzee aliichelewesha kwa kuamkia kila mgeni, na ya daktari aliyeambiwa asubiri. Kisha akapunguza sauti, ikawa ndogo, ya uani, ya mtu anayeongea na mtu mmoja.

*Mgeni kaja mapema,*
*wala hodi hakupiga.*
*Baba kampa mkono,*
*kwanza tusalimiane,*
*habari za utokako,*
*na watoto hawajambo?*
*Mgeni hakuitika,*
*kambeba akaondoka.*

Shamba la mahindi likatulia. Hapo ndipo nchi nzima ilipoelewa kwamba Mzee Kondo amekufa. Nilizisikia zile pumzi zikikatika, zote kwa pamoja.

Ubeti uliobaki haukuwa wangu, ulikuwa wake. Hatukuuimba mazoezini. Alisema ataujua akiufikia. Alisimama wima, akainamisha kichwa kidogo kama anavyofanya binti aliyelelewa, akasema, wala hakuimba:

"Shikamoo, baba."

Akanyamaza.

Aliacha kimya pale ambapo jibu hukaa. Hakukijaza. Ungo haukuwa na cha kupeta, ukabaki umeinuliwa hewani mtupu.

Kisha kwenye spika nikasikia mtu. Sauti ya mzee, nzito, mbali, kama ametoka usingizini.

"Marahaba."

Halafu mwingine. Halafu wengi. Walikuwa wanaume wazee, mabibi, mashangazi, mtu aliyekuwa anatafuna, mtu aliyekuwa analia, kila mmoja kwake sebuleni au dukani au mkekani, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyeropoka. Hakuna aliyewaambia. Vipuli vilitengenezwa kusoma pumzi, havikutengenezwa kwa sauti, lakini sauti zilipita. Mtu mzima wa nchi hii akisikia shikamoo inaning'inia bila mwenyewe, kinywa kinajibu kabla hajafikiri. Marahaba, marahaba, marahaba mwanangu. Ziliendelea kuja kama mvua inayochelewa kukata.

Mwamvua alikuwa anazisikiliza, macho ameyafumba. Nami, niliyekuja kumcheka baba yake, nikasikia kinywa changu kikisema marahaba peke yake nyuma ya kioo.

* * *

Begi lake lilikuwa tayari mlangoni, na langu pembeni yake, maana kesho kulikuwa na jeneza la kujilaza mbele yake. Nilikuwa nimeshakunja kanzu ya marehemu mume wangu niende kuitumia vizuri. Mwamvua alitoka chumbani, akabandua kishikizo, akakiweka mezani kwa upole kama kitu cha mtu.

"Kimesemaje?" akauliza.

Nikamwonyesha kioo. Ungo ulikuwa bado umeinuliwa hewani. Hapakuwa na namba, hapakuwa na maandishi mekundu, hapakuwa na kitu.

"Basi twende," alisema. "Na begi langu unabeba wewe."

Simu ikaita tukiwa tunafunga geti. Ilikuwa ya tano kutoka kwa Adventina, nikaona nipokee nimalizane naye. Nikaiweka kwenye sauti ya juu.

"Nyamizi, mmefanya nini?" Alikuwa anahema. "Mtambo haujatoa namba. Wahandisi wamekaa hapa wanatazamana. Watu hawavui vipuli, hawavui kabisa, wananipigia mpaka kutoka Komoro. Wengine wanasema ni nje ya mada, wengine wanasema avikwe taji leo leo. Sasa niambie wewe, kizingiti cha mwakani nakiweka wapi?"

Nilimtazama Mwamvua. Alikuwa amesimama barabarani, mtandio kichwani, uso umevimba kwa kulia. Akakohoa kidogo, kikohozi kile kile. Nikaelewa.

"Bi Adventina," nikasema. "Kwanza tusalimiane."

Nyuma yake nilisikia simu zikiita na watu wakibishana, kisha mlango ukafungwa na kelele zikabaki nje. Mwanamke yule, ambaye kwa misimu minane hakuwahi kuniamkia, akavuta pumzi.

"Shikamoo, dada Nyamizi," alisema. "Poleni na msiba."